Ng'ombe wa Mungu Kwenye Zizi la Yairo

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kwamba katika milima ya Upare, zamani zile kanisa likiwa bado limeezekwa majani makavu ya migomba, alikuwapo mja wa Mungu aitwaye Yairo Senzighe. Alikuwa mtu mwema. Hili tuliseme mapema, kwa maana mbele ya safari msomaji anaweza kushawishika kufikiri vingine. Alisali asubuhi na jioni, hakugusa ndizi ya jirani, na akiimba pambio sauti yake ilivuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi imechoka.

Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kusimama. Mwalimu wa kanisa akiuliza, "Nani ana neno?", wenzake wote hutazama vidole vya miguu. Yairo alikuwa keshasimama, neno lenyewe hana bado, anatumaini litamkuta akiwa wima.

Basi ikawadia Jumapili ya mavuno. Mwalimu Elirehema, mzee mpole mwenye koti moja na subira nyingi, akahubiri habari za uwakili: ya kuwa mali yote ni ya Mungu, nasi ni mawakili tu, tumewekewa amana, na mwenye amana ataiulizia. Watu wakaguswa. Wakaleta mikungu ya ndizi, mahindi, maboga, na kuku mmoja aliyepinga hadharani kutolewa sadaka. Yairo alikuwa ameleta boga. Boga zuri tu, halina kosa lolote. Lakini mara akaingia Kajiru, jirani wa ng'ambo ya mto, amembeba mabegani kondoo dume. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka vumbi likadondoka toka darini.

Yairo akalitazama boga lake. Boga nalo kama likamtazama.

"Nani ana neno?" akauliza Mwalimu.

"Mimi!" akasema Yairo, naye yu wima. "Mimi, ndugu zangu... namtolea Bwana ng'ombe!"

Kanisa likalipuka. Vigelegele vya kondoo vikaonekana kikohozi. Mtu mmoja tu hakupiga kigelegele, naye ni Naanjela, mkewe Yairo. Naanjela alikuwa anajua hesabu ya zizi lao, na hesabu hiyo haikumchosha mtu: ng'ombe wawili.

Yairo alipomwona mkewe amekunja uso, jasho likamtoka. Lakini neno la pili likamjia, nalo likamwokoa.

"Ila," akasema akiinua kidole, "Mungu hana zizi hapa kijijini. Kwa hiyo ng'ombe huyu namfuga mimi kwa niaba yake, kama ilivyo desturi yetu. Mungu ndiye mwenye ng'ombe, mimi mfugaji."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kustaajabia hekima ile. Kwa maana desturi ya kufugisha kila mtu aliijua. Mwenye ng'ombe humkabidhi mwenzake mnyama amfugie. Maziwa na samadi ni mali ya mfugaji, bali ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mnyama akifa, mfugaji hupeleka ngozi na paja kwa mwenyewe, ijulikane kwamba hakumuuza wala hakumla peke yake. Na mwenye ng'ombe akija, au akimtuma mtu aje kumtazama mnyama, mgeni huyo hupewa maziwa, wala haambiwi njoo kesho.

Yairo akarudi nyumbani amekanyaga mawingu. Ametoa ng'ombe, na ng'ombe bado anaye. Ni nani katika watakatifu wote aliyewahi kuliweza hilo?

Sasa, ng'ombe wake wawili hawakuwa sawa. Wa kwanza aliitwa Shibe, mnene, mweusi, akipita mtu anamwamkia bila kukusudia. Wa pili aliitwa Mshale, kwa sababu alikuwa na umbo la mshale. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya mto, na maziwa yake yalikuwa ni habari za kale.

Jioni ile Yairo akaingia zizini, akavua kofia, akasema kwa sauti ya unyenyekevu: "Ee Bwana, mimi mja wako nimekuahidi ng'ombe, na mja wako si mwongo. Wewe hutazami unene wala nundu. Basi Mshale ndiye wako. Ulimuumba mwenyewe, utamtambua. Amina."

"Amina," ikajibu sauti toka chini ya Shibe.

Yairo aliruka karibu avunje boriti. Alikuwa Naanjela, amechuchumaa anakamua.

"Mungu amesikia, baba Mbonea," akasema bila kuinua uso. "Na mimi nimesikia. Tuko wawili."

Hazikupita siku nyingi, asubuhi na mapema, hodi ikabishwa uani. Alikuwa Bibi Namkunda, mjane, hana meno ila ulimi alikuwa nao wa kuwatosha watatu. Mkononi ameshika kibuyu kitupu.

"Karibu, Bibi. Umeamkaje?"

"Vyema. Mwenye ng'ombe amenituma nimtazamie mnyama wake."

"Mwenye ng'ombe yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Amekutuma lini, Bibi?"

"Leo alfajiri. Nilikuwa nasali, nikamwambia Bwana nina njaa. Akanikumbusha kwamba ana ng'ombe hapa kwako. Nikajiuliza, mfugaji atanifukuza? Nikajijibu, Yairo? Yairo hawezi!"

Akapita moja kwa moja hadi zizini. Akampapasa Shibe mgongoni, akamzunguka, akarudi nyuma kumtazama vizuri kama bibi harusi. "Mungu anajua kuchagua," akasema. Kisha akamwona Mshale. "Na hiki kichanja cha kuanikia mahindi?"

"Huyo... huyo ni ng'ombe pia, Bibi."

"Maskini. Ndiye wako?"

Hapo, wapendwa, ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno moja tu lilitosha: hapana. Lakini Bibi Namkunda alikuwa amekwisha kumshika mkono, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu, ndivyo impasavyo mwamini. Kilicho kizuri kwa Mungu, kibovu tujikalie nacho. Nitakwenda kuwasimulia watu."

Yairo akakohoa. Kukohoa si kusema uongo. Lakini si kusema kweli pia. Kibuyu kikajazwa maziwa ya Shibe mpaka shingoni, na mjane akaenda zake akiwasimulia watu.

Tangu hapo zizi lile halikupoa. Alikuja mama wa mapacha: "Nimetumwa." Alikuja kijana wa mzee mgonjwa: "Baba anasema mwenye ng'ombe kamtuma, lakini miguu yake haikuruhusu, kwa hiyo kanituma mimi." Alikuja hata mpita njia aendaye tambarare, ambaye hakuijua imani yetu wala hakuulizwa, akasema amesikia kuwa katika nyumba hii Mungu ana maziwa. Wote walimtazama Shibe, wakamsifu Mungu, wakanywa. Nyumbani kwa Yairo uji ukawa unanyweka mweusi.

"Waambie," Naanjela akamwambia siku moja, akikoroga uji huo. "Waambie wa Mungu ni Mshale."

"Mshale hana maziwa!"

"Ndiyo. Waambie hivyo hivyo. Waambie, 'Nimempa Mungu ng'ombe asiye na maziwa.' Utaona watakavyopungua."

Yairo akanywa uji wake.

Lakini rehema za Mungu zina njia zake. Ikawa mwaka wa pili Mshale akashika mimba, jambo ambalo wazee walilitaja sambamba na habari za Sara. Wakati huohuo kijana wa Yairo, Mbonea, akawa amechumbia binti ya Kajiru, Kajiru yule wa kondoo. Mahari ikatolewa kidogo kidogo: mbuzi, blanketi, jembe. Likabaki jambo moja, ndama jike. Kajiru alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Alisema bila ndama binti hatoki, na alisema mara moja tu. Mbonea alikuwa amekonda kwa kungoja, sasa akifanana na Mshale wa zamani. Tumaini la nyumba nzima likawa kwamba Shibe atazaa.

Shibe hakuzaa. Ilinyesha mvua wiki nzima, akateleza kwenye genge nyuma ya nyumba akifuata majani, akavunjika shingo. Na katika wiki ileile Mshale akazaa. Ndama jike. Mweusi, mnono, anaruka kama amemwagiwa maji ya moto.

Mlima mzima ukaja kuhani.

"Pole, wakili wa Bwana!" walimwambia. "Ng'ombe wa Mungu amekufa, lakini tazama, kwa uaminifu wako ng'ombe wako mwenyewe amezaa! Mungu hamwachi mja wake!"

Yairo akakohoa. Alikohoa sana siku ile, hata mtu mmoja akamshauri achemshe majani ya mkaratusi.

Ikafika Jumamosi, Kajiru akavuka mto. Akamtazama ndama meno, akamtazama kwato, akamtazama mkia.

"Mkwe," akasema, "huyu anatosha. Kesho baada ya ibada watu wangu watamchukua. Wiki ijayo mje kumchukua binti."

Mbonea akasikia akiwa nyuma ya ukuta. Nao wakamsikia akianguka juu ya mapipa.

Kajiru alipoondoka, Yairo akakaa jikoni karibu na mkewe. "Naanjela, unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu. Mke hamwaibishi mumewe mbele ya watu."

"Mungu akubariki."

"Ila tuko wawili tunaojua, na yule wa pili mimi simwezi." Akaelekeza mwiko juu, darini, na kupita dari.

"Kijana anataka kuoa, mama Mbonea!"

"Najua. Nimemzaa mimi. Nataka wajukuu kuliko wewe." Akageukia sufuria. "Lakini ndama wa ng'ombe wa watu ni wa mwenye ng'ombe. Hilo hata Wapare wasiobatizwa wanalijua."

Jumapili Yairo akafanya kama desturi itakavyo kwa mfugaji aliyefiwa. Akabeba ngozi ya Shibe na paja lake hadi kanisani, akavikabidhi kwa Mwalimu Elirehema, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mwenye ng'ombe. Kinamama wakalibandika paja jikoni nyuma ya kanisa. Ibada nzima ikanukia supu. Inasemekana hakuna siku ambayo kusanyiko lile liliitikia "amina" kwa haraka vile.

Baada ya ibada wakaketi majanini, wakala. Yairo akapewa kipande kilichoshiba, lakini kikawa kinamzunguka mdomoni kama kinatafuta mlango.

Ndipo Bibi Namkunda akasimama, anamvuta mbuzi kwa kamba. Wote walimjua mbuzi yule. Mjane hakuwa na mwingine. Walilala chumba kimoja, na waliokuwa jirani walisema walikuwa wakigombana usiku nani avute majani upande wake.

"Mimi sijui kuhutubu," akasema Bibi Namkunda, kisha akahutubu. "Nimekunywa maziwa ya Mungu mwaka na zaidi. Sikuulizwa ni nani wala nitalipa nini. Sasa Mungu amefiwa na ng'ombe wake. Nikasema moyoni, mtu akifiwa tunakwenda na mkono wa pole. Je, Mungu tusimpe pole kwa sababu ni Mungu? Basi huyu hapa mbuzi, badala ya ng'ombe. Na amfuge Yairo. Maana hakuna mtu mwingine kwenye mlima huu ambaye ningemkabidhi mali ya Mungu usiku nikapata usingizi."

Watu wakafuta macho. Mjane akaiweka kamba mkononi mwa Yairo. Mbuzi akamtazama Yairo machoni, kama mbuzi wanavyotazama, bila haya na bila haraka.

Naye Yairo akataka kukohoa. Kikohozi hakikuja. Akatafuta kikohozi kila mahali kifuani mwake, hakuna. Akasimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasimama bila kutaka.

"Ndugu zangu," akasema, "aliyekufa si wa Mungu."

Vijiko vikasimama.

"Shibe alikuwa wangu. Siku ile nilipoahidi, nilikwenda zizini nikampa Mungu Mshale. Nyinyi mkadhani ni Shibe, nami nikawaacha mdhani."

Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa anafyonza mfupa, akauondoa mdomoni. "Basi hapa tumekula nini?"

"Mmekula ng'ombe wangu, mzee."

"Aa. Pole sana."

"Asante."

Mzee akautafakari mfupa, akaona dhambi si yake, akaurudisha mdomoni.

"Na ng'ombe wa Mungu?" akauliza Mwalimu Elirehema kwa upole.

"Yuko nyumbani, mzima. Amezaa."

"Amezaa!" Bibi Namkunda akapiga kigelegele peke yake, kirefu, cha kustahili ngoma. "Mungu kapata ndama! Nami nimekuja na pole, kumbe ni hongera!"

Lakini Kajiru alikuwa ameinuka taratibu upande wa pili. "Ndama yupi huyo?"

"Yule jike, mkwe."

"Niliyemtazama meno jana?"

"Yuleyule."

"Wa mahari ya binti yangu?"

Yairo akatazama chini. Hakumtazama kijana wake, kwa maana moyo wake usingehimili. "Wa Mungu, mkwe. Wa binti yako sina. Sina kabisa. Shibe mmemla."

Mbonea akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Naanjela akamshika bega mwanawe. Na yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Kwa maana kweli ni tamu kuisimulia, lakini siku ya kuisema ina bei, na wakati mwingine anayelipa si msemaji peke yake.

Wazee wa kanisa wakainamiana, wakanong'ona, wakainuka. Mmoja akasema, "Ametubu mbele ya watu. Kwa niaba ya kusanyiko, ndama huyo na apewe Yairo, amtoe mahari, yaishe."

"Mimi sipokei!" akanguruma Kajiru.

"Kwa nini, ndugu yetu?"

"Binti yangu aolewe kwa ng'ombe wa Mungu? Hapana! Mahari ina sheria zake. Watoto wakigombana kesho, ndoa ikavunjika, nitamrudishia nani ng'ombe? Nimpelekee wapi? Nipande kilima gani, na nani anipokee?"

Hata Mwalimu Elirehema alikiri kwamba hilo halikufundishwa alikosoma.

Kajiru akabaki amesimama, anatafuna polepole nyama iliyosalia mdomoni, macho kwa Yairo. Watu wakamngoja. Mbonea akamngoja kuliko wote. Hatimaye akameza.

"Nimekula ushahidi wa mtu huyu kwa meno yangu," akasema. "Kila mmoja hapa ameula. Angenyamaza, nani angemuumbua? Paja limeisha, ngozi haisemi, na ndama kesho angekuwa kwangu. Ameisema kweli mwenyewe, na kwa kuisema amepoteza vyote siku moja." Akajifuta mikono kwenye nyasi. "Mtu aliyekataa kunidanganya kwa ng'ombe aliyekwisha kuliwa hatanidanganya kwa ndama ambaye hajazaliwa. Nitangoja. Yairo atafute ndama wake, wa halali, hata ikichukua mvua mbili. Binti yangu haendi kwa mwingine."

Naye Bibi Namkunda, Yairo alipojaribu kumrudishia mbuzi, akaificha mikono nyuma. "Nilichompa Mungu sirudishiwi na mtu," akasema. "Mfuge. Ila safari hii mwonyeshe kwa kidole, watu wote wamwone."

Ilichukua mvua mbili na nusu. Yairo na Mbonea waliwafugia ng'ombe watu watatu, wakipanda na majani toka bondeni kila jioni mpaka nywele zikatoka utosini, hata mmoja wa wale watu akawazawadia ndama wa kwao. Harusi ikafungwa. Na katika miaka yote ile ng'ombe wa Mungu aliendelea kuzaa, na wenye njaa waliendelea kutumwa, wakanywa, na hakuna aliyeulizwa katumwa na nani.

Wapendwa, wapo watu wanaodhani utoaji ni jambo la mkono, na kwamba mkono ukifunguka yamekwisha. Yairo alifungua mkono mbele ya kanisa zima, akashangiliwa, lakini mali ya Mungu ilibaki kwake kama vile haikutoka. Akaitoa hasa siku ile alipokuwa hana cha kutoa ila aibu yake. Basi ukijisikia kusimama na kuahidi, simama, usiogope. Mungu hachukii kelele za furaha. Ila ukirudi zizini, mpe Mungu yule ng'ombe ambaye watu walidhani umemtoa. Na kama ulikwisha kumpa mwembamba, mlishe vizuri. Mwenye ng'ombe ana wajumbe wengi, nao huja asubuhi.